Kupika bia nyumbani kwa anayeanza: we pika tu, hamira ndo inatengeneza

Kabla hujanunua chochote tuelewane kitu kimoja, bia hutengenezi wewe. Wewe unapika maji matamu ya kimea, unayapoza, unayamimina kwenye ndoo safi, halafu hamira inaingia kazini, inakula ile sukari na kukuachia pombe na gesi, basi. Ukishalielewa hilo utaacha kuumiza kichwa na resipi zenye viungo kumi na tano na utaanza kujali vitu viwili ambavyo hamira yenyewe inavijali, usafi na joto. Mimi ilinichukua ndoo tatu nzima kulielewa, na ya kwanza yote iliishia chooni, nitasimulia huko mbele.

Halafu haihitaji akili nyingi hii kitu. Kama unaweza kuchemsha sufuria bila kuunguza, na unaweza kukaa wiki mbili bila kufunua mfuniko kuchungulia, umeshafuzu. Hilo la pili ndo gumu.

Ndani ya bia kuna nini

Maji, kimea, hopsi na hamira. Kimea ni shayiri iliyoloweshwa ikaachwa ianze kuota, halafu ikakaushwa kwa joto kabla haijafika mbali, manake mbegu ikianza kuota inazalisha vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari na sisi hiyo sukari ndo tunaitaka. Hopsi ni maua ya mmea unaojisokota kwenye kamba ukipanda juu, kwa kawaida utayapata yameshasagwa na kushindiliwa kuwa vidonge vidogo vya kijani, kazi yake ni kuleta uchungu usawazishe ule utamu, kuleta harufu, na pia yanawabana baadhi ya bakteria wasistawi. Angalizo la haraka kwa wenye mbwa: hopsi ni sumu kwa mbwa, hata zile zilizokwishatumika, kwa hiyo usizimwage mahali anapofika.

Hamira ndo ina stori. Sheria ya bia ya Bavaria, kule Ujerumani, ya mwaka 1516 ilisema bia iwe na shayiri, hopsi na maji, hamira haimo kabisa, na watu walikuwa wanapika hivyo hivyo wanapata bia. Ilikuja kuwa karne ya 19 ndo mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur akaonyesha kwamba kinachochachusha ni viumbe hai, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Copenhagen akaweza kuotesha hamira safi ya aina moja kuanzia seli moja tu. Zamani ndoo ikiharibika ulikuwa unaweza kulaumu hali ya hewa au jirani mwenye macho mabaya. Sasa hivi kipakiti kinakuja hamira ni safi, kipimo kimeandikwa, joto limeandikwa, wa kumlaumu umebaki wewe.

Swali ambalo kila anayeanza anauliza, je hamira ya mkate inafaa? Inachachusha ndiyo, kispishi ni ndugu moja na hamira ya bia za eli (zile zinazochachuka bila kuhitaji baridi kali), zote ni Saccharomyces cerevisiae, ila imechaguliwa kuumua unga sio kutengeneza kinywaji, inabaki imeelea badala ya kutulia chini na bia inakuwa na ladha ya mkate mbichi. Ukitaka kubana matumizi bana kwingine, hapa nunua hamira ya bia.

Nafaka au kimea cha unga

Njia ziko mbili. Ya kwanza unaanza na nafaka za kimea zenyewe, unazivunja, unazilowesha kwenye maji ya nyuzi 65 mpaka 68 kwa saa nzima bila joto kuyumba, unachuja, unasuuza, ndo unapata maji matamu. Ya pili kuna watu kiwandani wameshafanya hayo yote wakakausha yale maji yakawa unga, au wakayapunguza mpaka yakawa mazito kama asali, wewe unakoroga tu kwenye maji ya moto. Anza na unga. Kuna watu watakwambia hiyo sio bia ya kweli, waache, ndoo tano za kwanza unajifunza usafi na joto, na nafaka zinakuongezea sehemu nyingine kumi za kukosea. Unga nauona bora kuliko ule mzito kwa sababu hauzeeki haraka, ule mzito ukikaa sana unazidi weusi na unaleta kaladha kama ka wino.

Na pika lita 10, sio 20. Resipi nyingi zimeandikwa za lita 20 lakini sufuria ya lita 20 na ushee jiko la kawaida linahangaika kuichemsha, kuipoza ni shughuli, kuibeba ikiwa ya moto ni hatari, na ikiharibika unalia mara mbili. Kwa lita 10 unahitaji unga wa kimea cha rangi nyepesi kilo 1.3, hopsi gramu 30 zenye asidi ya alfa karibu asilimia 6 (imeandikwa kwenye pakti, ndo kipimo cha uchungu), na hamira kavu ya eli pakti moja. Pakti za gramu 11 zimekusudiwa lita 20 na kidogo, kwa hiyo nusu inatosha, ila ukiitia yote haina shida, mimi naitia yote. Ukipata na gramu 200 za kimea cha karameli kilichovunjwa bia inapata rangi na kaunene fulani mdomoni, ukikosa sio ishu.

Vifaa ni sufuria ya lita 15 au zaidi, ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 13 mpaka 15 yenye mfuniko unaobana na tundu la kuchomeka eyaloki (kile kidude chenye maji ndani, gesi inatoka ila hewa ya nje hairudi), ndoo nyingine ya kujazia chupa, kipimajoto, haidromita (kijiti kinachoelea, kinaonyesha bia imezidi maji matupu uzito kiasi gani, yaani sukari iliyomo) na kichupa chake kirefu, mpira laini wa kuhamishia bia, mizani ya jikoni, vizibo na mashine ya kuzibia, chupa za kahawia. Mpira ukiupata wenye kapampu kake bora zaidi, manake ukianza kuunyonya kwa mdomo umeshapeleka bakteria wa mdomoni kwako moja kwa moja kwenye bia.

Usafi, hapa soma mara mbili

Kuosha na kuua vijidudu ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya. Kuosha ni kutoa uchafu unaouona, kwa maji, sabuni isiyo na manukato na kitambaa laini, sio steeluulu, kwa sababu ukikwangua plastiki unaacha mikwaruzo na bakteria wanahamia humo, hakuna dawa itakayowafikia. Kuua vijidudu kunakuja baada ya kuosha, na dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Yaani kijipande cha kimea kilichokaukia kwenye ukingo wa ndoo ni nyumba kabisa, dawa inapita juu ya paa wao ndani wamelala.

Dawa nzuri ni zile za asidi au za ayodini zisizohitaji kusuuzwa, unachanganya kwa kipimo cha kwenye chupa, unalowesha kila kitu, unasubiri dakika walizosema, unamwaga, unatumia kikiwa kimelowa hivyo hivyo. Ile ya asidi inaacha povu, usiliogope, wala usisuuze kwa maji ya bomba maana unakuwa umerudisha vijidudu ulivyotoka kuviua. Dawa ya klorini ya kufulia inaua kweli lakini lazima isuuzwe sana kwa maji yaliyochemshwa, ikibaki hata kidogo inakutana na kimea na bia inanuka kama plasta ya kidonda, na hiyo harufu haitoki milele.

Sasa stori ya ndoo ya kwanza. Nilikuwa na ndoo ya mtumba yenye koki chini. Nikaiosha ikang'aa, nikaweka dawa, nikafuata kila kitu. Siku ya tisa nafunua nakuta juu kuna utando mweupe mkavu, umekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na nikionja ni siki tupu. Nilizunguka wiki nzima natafuta nilipokosea mpaka siku naamua kuifungua ile koki kwa mkono, nikakuta kwenye nati zake, kati ya mpira na plastiki, kuna ute wa rangi ya krimu unaonuka siki ile ile. Dawa ilikuwa inapita mbele yake tu. Kwa hiyo kama ndoo yako ina koki ifungue vipande vyote kila mara, usije ukasema sikukwambia.

Sheria yenyewe ni nyepesi. Kabla ya kuchemsha, usafi wa kawaida wa jikoni unatosha, moto utaua. Kuanzia moto unapozimwa, chochote kitakachogusa bia lazima kiwe kimepita kwenye dawa, kijiko, mfuniko, kipimajoto, mkasi wa kukatia pakti ya hamira, hata mikono yako.

Siku ya kupika

Tenga saa tatu mpaka nne na usiwe na miadi. Weka lita 12 za maji kwenye sufuria, mbili zitapotea kwa mvuke. Kama maji yana klorini kuyachemsha kunaitoa, ila sehemu nyingine wanatumia kloramini ambayo haitoki kirahisi, hapo dawa yake ni kidonge cha metabisalfaiti, kimoja kinatosha lita 75 hivi kwa hiyo wewe unahitaji kakipande tu.

Kama una kile kimea cha karameli kiweke kwenye mfuko wa kitambaa, pasha maji mpaka nyuzi 65 au 70, kilowekwe humo nusu saa kama majani ya chai, kisha kitoe kijichuje chenyewe. Usikikamue na usikichemshe, maganda yakichemka yanatoa ukakasi.

Halafu pandisha moto, yakikaribia kuchemka zima kabisa ndo umwage unga wa kimea. Nimesema zima, kwa sababu kimea kinazama chini na kikikuta moto kinaungua hapo hapo na bia yote inapata ladha ya moshi. Na mwaga haraka, ule unga unapenda sana mvuke, ukiwa unachota kijiko kijiko utagandiana kwenye pakti na kwenye vidole kama gundi. Koroga mpaka hakuna mabonge, washa tena.

Sasa usiondoke. Narudia, usiondoke, simu iache. Maji ya kimea yakianza kuchemka povu la kahawia linaanza kujikusanya pembeni, taratibu, unaona kama limetulia, halafu ndani ya sekunde chache linapanda lote kwa pamoja linafika ukingoni, na likimwagika kwenye jiko linageuka karameli nyeusi utaikwangua siku mbili. Punguza moto, koroga, weka chupa ya maji baridi ya kunyunyizia karibu. Baada ya dakika kumi hivi linakata lenyewe. Litajaribu tena ukitia hopsi.

Povu likishatulia tia hopsi gramu 20 na anza kuhesabu dakika 60. Uchungu wa hopsi hautoki mpaka zichemshwe muda mrefu, lakini harufu yake inapaa na mvuke, ndo maana zile gramu 10 zilizobaki unazitia dakika 5 za mwisho. Usifunike sufuria wakati inachemka, kuna harufu ya kabichi au mahindi ya kuchemsha ambayo inatakiwa itoke na mvuke, ukifunika inadondokea humo humo.

Dakika 60 zikiisha zima, funika kwa mfuniko uliopita kwenye dawa, kalisha sufuria kwenye beseni au sinki la maji baridi, badilisha maji yakipata moto, mara ya tatu weka barafu. Lengo ni kushuka mpaka nyuzi 20 fasta, nusu saa au dakika arobaini. Hayo maji sasa hivi ni matamu, ya uvuguvugu, hayana mwenyewe, kila kijidudu kinachopita hewani kinayatamani, na wewe unataka hamira yako ifike kwanza.

Yakishapoa yamimine kwenye ndoo kutoka juu, yarushe, yapige povu, acha matope ya hopsi chini ya sufuria. Hapa na hapa tu ndo hewa inaruhusiwa, hamira inahitaji oksijeni ya kuanzia kuzaliana. Kama yamepungua ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka lita 10. Chota kidogo kwenye kichupa, dumbukiza haidromita, andika namba, itakuwa kati ya 1.045 na 1.052. Haidromita nyingi zimepimiwa nyuzi 20, ukipimia maji ya moto itakudanganya. Hicho ulichochota usikirudishe kwenye ndoo, onja, ni kitamu na kichungu kwa wakati mmoja, ndo bia yako kabla haijawa bia. Nyunyiza hamira juu, funika, chomeka eyaloki yenye maji kidogo, umemaliza. Usiache kuosha sufuria mpaka kesho.

Joto

Hapa ndo wengi wanapoharibu na hawajui wameharibu, wanasema resipi mbaya. Hamira nyingi za eli zinataka nyuzi 18 mpaka 20, na ni joto la ndani ya ndoo sio la chumba. Hamira ikiwa inafanya kazi inajipasha yenyewe, ndani kunaweza kuzidi chumba kwa nyuzi 3 mpaka 5, kwa hiyo chumba cha nyuzi 24 maana yake bia inachachuka kwenye 28, na hapo hamira inatoa vitu vingine kabisa, harufu kali ya ndizi, harufu ya rangi ya kucha, na zile pombe nzito zinazochoma koo kama spiriti na kukupa kichwa asubuhi. Na haviponi ukisubiri. Ndoo yangu ya pili ilikuwa safi kabisa, hakuna siki, lakini glasi moja tu kichwa kinagonga. Nililaumu hopsi!

Siku tatu za kwanza ndo za kulinda. Weka ndoo ndani ya beseni kubwa la maji, ivalishe fulana ya pamba iliyolowa ncha yake iwe inagusa maji, elekeza feni, na asubuhi na jioni dumbukiza kwenye beseni chupa moja au mbili za maji ya barafu. Inaonekana kama utani ila inashusha nyuzi kadhaa. Kama unakaa sehemu ya joto kweli kweli usishindane na hali ya hewa, tafuta hamira za kveik, ni za wakulima wa Norwei, zenyewe zinafurahia nyuzi 30 na kuendelea, na zinamaliza kazi siku chache bila zile harufu mbaya. Laga, ile aina ya bia nyingi za dukani, kwa sasa sahau. Inatumia hamira nyingine inayotaka nyuzi 8 mpaka 13 halafu inakaa wiki kadhaa kwenye baridi, bila friji ya peke yake ni kujitesa.

Kusubiri

Saa 6 mpaka 24 zinaweza kupita hakuna kinachoonekana, usipaniki. Kisha eyaloki itaanza kububujika, juu litakaa povu zito lenye madoa ya kahawia na kijani, litaonekana chafu, ni kawaida. Kaharufu ka mayai nako kanaweza kupita, kanapotea. Siku ya nne au ya tano mbubujiko unakata na hapo ndo mtu anaamini bia tayari. Sio tayari. Hamira imemaliza sukari lakini inarudi kusafisha uchafu iliotoa yenyewe, ile ladha ya siagi na ile ya tufaha bichi, ukiitoa mapema unaviweka kwenye chupa.

Acha wiki mbili. Karibu siku ya 11 pima, pima tena baada ya siku tatu, namba zikifanana na ziko karibu na 1.010 mpaka 1.014 imeisha. Eyaloki haipimi kitu, mfuniko unaovuja kidogo unaweza kuiacha kimya ndoo ikiwa inachemka humo, na joto likipanda itabubujika hata bia ikiwa imekwisha. Ikikwama kwenye 1.020 hivi, na bia za unga wa kimea zinapenda hapo, sogeza ndoo sehemu yenye joto kidogo, izungushe taratibu kuamsha hamira iliyolala chini, subiri siku kadhaa. Kujua ukali wake toa kipimo cha mwisho kwenye cha mwanzo zidisha kwa 131.25, mfano 1.048 toa 1.012 ni 0.036, inakuja asilimia 4.7.

Hapa katikati naomba niseme la sheria, manake litaulizwa. Nchi nyingi zinakuruhusu upike bia ya kunywa mwenyewe ila kuuza kunataka leseni, na zingine haziruhusu kabisa, kacheki za kwako. Hata Marekani ruhusa ya serikali kuu ilikuja mwaka 1978 tu, rais Jimmy Carter aliposaini. Kugeuza hiyo bia kuwa pombe kali kwa kuichemsha na kukusanya mvuke ni jambo lingine kabisa, sehemu nyingi ni kosa, na linaweza kulipuka na kuunguza nyumba. Sifundishi.

Chupa

Chupa ziwe zile zilizotengenezwa kwa bia yenye gesi, nene, za kahawia. Chupa ya kijani au nyeupe ikipigwa na jua, mwanga unavunja kile kitu cha uchungu cha hopsi na bia inanuka kicheche, wala haihitaji siku nzima. Kwa lita 9 utakazobaki nazo unahitaji chupa 27 za mililita 330 au 18 za nusu lita. Osha, piga brashi, angalia kila moja kwenye taa kama kuna kitu kimegandia chini, kisha dawa.

Gesi inatokana na sukari kidogo unayoongeza ili hamira iliyobaki iile ndani ya chupa. Kipimo ni gramu 6 kwa lita, kwa hiyo lita 9 ni gramu 54, ipime kwa mizani. Sio kijiko, sio jicho. Niliwahi kutia kijiko kijiko kwenye kila chupa nikaona nimefanya kazi safi, wiki ya tatu saa nane usiku nikasikia mlio nikadhani kuna mtu amevunja dirisha, kumbe ni kabatini. Zilipasuka nne, moja ikifuata nyingine, na kipande kimoja cha shingo nilikikuta kimechoma ubao wa mlango wa kabati kwa ndani na kusimama. Ningekuwa nimefungua wakati ule sijui. Kwa hiyo sababu ni mbili za chupa kulipuka, sukari imezidi au ulijaza bia kabla haijaisha kuchachuka, na zote mizani na haidromita vinazizuia.

Chemsha hiyo sukari kwenye glasi ya maji dakika chache, ipoe, imwage chini ya ile ndoo ya pili, kisha hamisha bia kwa mpira, mdomo wa mpira uwe umelala chini kabisa ya ndoo ili bia iingie kimya kimya ikizunguka na kujichanganya. Sasa hivi hewa ni adui, usirushe, usimimine, bia iliyopata hewa inazeeka na kuanza kuonja kama boksi lililolowa. Yale mashapo ya chini yaache. Jaza chupa ukibakiza sentimita 2 au 3, ziba. Moja jaza kwenye chupa ya plastiki ya soda, hiyo ndo saa yako, iminye kila siku, ikiwa ngumu kama jiwe ujue za kioo nazo zimeiva. Ziweke gizani kwenye nyuzi 20 hivi, ndani ya kreti au boksi lililofungwa, wiki mbili. Ukiziweka kwenye friji mapema hamira inalala na gesi haiji.

Baada ya hapo zihamishe kwenye friji, siku mbili au tatu ili gesi izame kwenye bia na hamira itulie chini. Ya kwanza utaifungua mapema, najua, kila mtu anafungua mapema, wala usiihukumu, ya wiki ya tano ni kinywaji kingine. Ukikuta siki ni usafi, rudi kwenye koki. Ukikuta inachoma koo au ndizi zimezidi ni joto. Siagi au tufaha bichi uliiharakisha. Boksi lililolowa uliirusha wakati wa kujaza. Ikiwa haina gesi kabisa irudishe kwenye joto wiki moja, igeuze kichwa chini mara moja kwa siku, nyingi zinaamka.

Kumimina, inamisha glasi, mimina kwa mkupuo mmoja bila kuirudisha chupa wima katikati, maana ukirudisha unakoroga yale mashapo, na ukiona kamstari keupe ka hamira kanakaribia shingo simama. Kale kasentimita ka chini kanywe ukitaka, hakana madhara ila tumbo linaweza kuunguruma. Halafu suuza chupa hapo hapo kabla hujakaa kunywa, hamira ikikaukia chini utakuja kuihangaikia na brashi siku ya kujaza ndoo inayofuata.